*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: KIBALI CHA MAJI HAKITETEWI KWA KELELE*



Tangu habari za mapitio ya vibali vya maji zianze kuzunguka kwenye makundi yetu, ujumbe ni ule ule: mfongo ulichimbwa na mababu, Bodi ya Maji ya Bonde haina la kutuuliza. Hasira hiyo tunaielewa. Hata hivyo Uongozi wa Tawi unaona swali la Bodi ni halali, na linajibika: maji mnayochukua ni kiasi gani, na yanafanya kazi gani?

Kuhusu mababu, sheria iko upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inatambua haki za kimila za maji. Lakini sheria hiyo hiyo inasema maji ni mali ya umma, na kibali hutaja chanzo, kiasi na matumizi. Anayeshindwa kuonyesha matumizi anamrahisishia kazi kila anayeyataka maji hayo.

Na wanaoyataka ni wengi. Maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru yanategemewa na bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, hadi Pangani mjini baharini. Karibu zaidi, skimu ya mpunga ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, kisha wakulima wa juu wakaona mpunga unalipa, wakafungua mashamba yao, na maji ya skimu yakapungua. Wale wa juu nao walikuwa wakulima kama sisi. Ndiyo maana hatupendi lugha ya "maji yetu".

Sasa ushahidi wetu uko wapi? Zamu tunazijua kwa kichwa. Waliohudhuria msaragambo wa kusafisha mfongo tunawajua kwa sura. Mzee mwenye kumbukumbu zote akifariki, tumebaki na nini cha kupeleka ofisini? Tunahitaji daftari: nani alipata maji, siku gani, saa ngapi, ekari ngapi za migomba, mahindi au mboga.

Kiasi nacho kinapimika bila mtaalamu. Chagua sehemu ya mfongo iliyonyooka, pima mita 10, tupia chupa tupu ya maji, hesabu sekunde. Mfongo wenye upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20, chupa ikitumia sekunde 25, unapitisha takribani lita 32 kwa sekunde, ukishapunguza kidogo kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Rudieni kipimo hicho mwisho wa mfongo. Tofauti mtakayoiona ni maji yanayopotea njiani, na hilo tulikubali wazi, maana ndiyo hoja yetu ya kuomba msaada wa kusakafia mfongo.

Upande wa pili, hatutakubali kipimo kiwe cha wakulima wadogo peke yao. Hapa juu kuna shamba kubwa lenye kibali, na kila apitaye anaona eneo kubwa limejaa magugu, ilhali banio lao liko wazi usiku na mchana. Bodi iliulize shamba hilo swali lile lile, kwa ukali ule ule. Kama maji ya kibali hayatumiki, yarudi mtoni. Hoja hii tutaiwasilisha kwa maandishi kupitia Jumuiya ya Watumia Maji na kwa diwani wetu, lakini tukiipeleka bila vipimo vyetu wenyewe tutachekwa.

Kila mfongo ulete majina ya watu wawili wa kupima na kuandika, mmoja wao awe mwanamke, kwani kina mama ndio wanaojua siku maji yasipofika. Majina yafike kwa Katibu wa Tawi kabla ya Jumapili. Gharama ya madaftari inabebwa na Tawi.

_Imetolewa na Uongozi wa Tawi._