Turudipo Msumbiji
Wenzetu wengi warudipo Msumbiji huona yatosha kufika Pemba, kuvuka hadi Ibo, kuitazama ile ngome ya 1791 yenye umbo la nyota, na kununua kidani cha fedha. Mafundi wa Ibo wasifiwa kwa haki. Lakini ngome ile Wareno waliifanya gereza. Hapo hutawajua wenyeji.

Nionavyo mimi, heri kukaa vijijini kwa Wamwani na kusikiliza Kimwani: maneno mengi utayatambua, mengine yatakucheka.

Vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, Palma ikashambuliwa Machi 2021, na watu laki kadhaa wakahama makwao. Basi uliza wenyeji kwanza. Wakisema bado, ngoja.