MAONI YETU: TUPIME PAA KABLA YA KUSHIKA FEDHA



Msimu wa korosho umefika. Fedha za mnada zikiingia, wengi wetu tuna shabaha moja: kuondoa nyasi na kuezeka bati. Ni shabaha njema. Nyasi nazo si za bure. Kila baada ya miaka michache lazima zikatwe nyingine, na siku hizi zinafuatwa mbali. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao hatuna budi kuusema wazi. Tunaezeka kwa kukisia.

Mambo haya tunayaona kila msimu. Mtu anakwenda mjini na fedha zote mfukoni. Dukani anaulizwa, "Mabati mangapi?" Anajibu, "Nipe ishirini na nne, nyumba yangu si kubwa." Anarudi, anaezua nyasi zote, fundi anapanda juu. Kumbe mabati yanaishia upande mmoja! Mvua za Desemba hizo zinakuja, watoto wanahama chumba hadi chumba na mikeka kichwani. Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa kangomba na noti mkononi, na korosho za mwakani zinauzwa kwa bei ya kutupa hata ua halijatoka. Paa moja lililokosewa hesabu limekula misimu miwili.

Kosa liko wapi? Tunapima sakafu badala ya paa. Tuchukue mfano wa nyumba ya mita 9.3 kwa mita 6. Sakafu yake ni kama mita za mraba 56. Bati la mita 3 lenye upana wa sentimita 80 ni mita za mraba 2.4. Ukigawa unapata mabati 24. Hesabu hiyo inapendeza, ila ni ya uongo, maana paa lina mteremko, linatokeza nje ya kuta, na mabati hulaliana.

Sasa tupime paa lenyewe, lile la pande mbili:

1. Urefu. Ongeza sentimita 60 za kutokeza kila mwisho. Mita 9.3 inakuwa mita 10.5.

2. Mteremko. Mtu apande na kamba, aishushe toka kileleni mpaka mwisho wa upenu. Tuseme amepata mita 4.2.

3. Mabati. Bati la sentimita 80 likilaliana na mwenzake linabaki kufunika kama sentimita 70. Mita 10.5 ukigawa kwa 0.70 ni safu 15. Kila safu inataka bati moja na nusu, pamoja na sentimita 20 za kulaliana juu na chini. Safu 15 za upande mmoja na 15 za upande wa pili ni safu 30. Jumla ni mabati 45. Ongeza 2 ya tahadhari: 47.

4. Kofia. Kama moja ni mita 2, na zinalaliana sentimita 15, zinatakiwa 6.

5. Papi. Mistari 6 kila upande, yaani mistari 12 ya mita 10.5. Hiyo ni mita 126, kama futi 413. Fito za paa la nyasi zimepinda, hazifai kugongewa bati. Na wewe unayebadilisha bati la zamani lenye kutu, kwanza choma mbao zako kwa ncha ya panga. Ikizama, mchwa wamekutangulia.

Baada ya hapo andika kenchi, misumari ya mbao, misumari ya bati, dawa ya mchwa, usafiri, ufundi na chakula cha fundi. Mapatano na fundi yawe ya kazi nzima na yaandikwe.

Bei hatuziandiki hapa kwa kuwa zinabadilika. Idadi haibadiliki. Ukiwa na idadi yako kwenye karatasi, uliza bei maduka mawili au matatu, zidisha, jumlisha, kisha ongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura. Hapo ndipo utajua paa lako ni shilingi ngapi.

Tahadhari na bati la bei rahisi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la 30 ni jembamba kuliko la 28. Namba ikipanda, bati linapungua. Soma muhuri kabla ya kulipa. Na fundi apige misumari juu ya tuta la bati, sio kwenye bonde maji yanapopita.

Je, hesabu ikionyesha fedha hazitoshi? Basi jamani, tusiezue! Nunua mbao mwaka huu uziweke pakavu, mabati yafuate msimu ujao. Nyasi zinazovuja kidogo ni afadhali kuliko nyumba ya paa nusu.

Tunapendekeza hivi: kila mwenye nia ya kuezeka alete vipimo vyake kwa katibu kabla ya malipo ya mnada wa kwanza. Asiyejua kuzidisha asione haya, atasaidiwa. Kina mama wanaoishi peke yao waje pia, wasingoje fundi awakisie. Tukipatikana kumi tutauliza bei kwa pamoja na kukodi lori moja. Mwenye duka humsikiliza mtu wa mabati 470 kuliko mtu wa mabati 47.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kamba ipo, kalamu ipo. Tupime.

Kamati ya Gazeti la Ukutani