Nashindana kwa Pikipiki

Mimi Bwana Shamba wenu nina miaka 46. Mwaka huu, baada ya mavuno, nilianza kushindana kwa pikipiki na vijana. Mke wangu alicheka. Kisha akanyamaza.

Siku ya kwanza nilianguka. Nilikuwa kwenye kona yenye mchanga. Nilishika breki ya mbele kwa nguvu, tairi likateleza. Kofia ngumu ilipasuka. Kichwa kilipona.

Fikiri hesabu hii. Mwendo ukiwa mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne kuisimamisha pikipiki. Tena mkono wa mtu mzima huchelewa.

Sasa napunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima. Kofia nimenunua mpya. Iliyopasuka haifai tena.

Juzi nilikuwa wa tano kati ya sita. Wa sita alipata pancha.