Gesi ya Mbali na Deni la Walimu wa Lugha

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya methali na mashairi tu, na kwamba sayansi sharti iachiwe Kiingereza. Dai hili halina mashiko. Hebu tulipime kwa mfano mgumu.

Katika anga ya kusini, yapata miaka ya nuru milioni 12 kutoka kwetu, kuna galaksi iitwayo Centaurus A. Mnamo 1949, John Bolton, Gordon Stanley na Bruce Slee, waliokuwa wakifanya utafiti Australia, waliihusisha galaksi hiyo na mawimbi makali ya redio yaliyokuwa yakinaswa kutoka upande huo. Kuitwa galaksi ya redio hakumaanishi kwamba ina kituo cha matangazo! Katikati yake mna shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 55 hivi, na kandokando ya shimo hilo hufyatuka mikondo ya chembe zinazotoa mawimbi hayo.

Galaksi hiyo pia ina ukanda wa vumbi na gesi baridi ambamo nyota huzaliwa. Sehemu kubwa ya gesi ni hidrojeni, lakini molekuli za hidrojeni zikiwa baridi karibu hazitoi mawimbi kabisa. Kwa hivyo wanaastronomia hutafuta mashahidi. Monoksidi ya kaboni hushuhudia gesi kwa jumla. Sianidi ya hidrojeni, sumu ile ile ya mihogo michungu, hushuhudia hasa gesi iliyosongamana, kwa wimbi lenye urefu wa milimita 3.4. Mvuke wa maji hewani hudhoofisha mawimbi mafupi ya aina hii, ndiposa antena 66 za ALMA zikajengwa katika jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari.

Sasa tuulize: gesi "iliyosongamana" imesongamana kiasi gani? Sentimita moja ya ujazo huwa na molekuli makumi ya maelfu au zaidi. Hewa tunayovuta darasani ina zaidi ya bilioni bilioni 20 katika nafasi iyo hiyo! Kumbe msongamano wa angani ni utupu kwetu. Mwanafunzi aliyekariri istilahi ya Kiingereza atapata alama zake, lakini huenda asiutambue kamwe ukweli huu. Aliyeelezwa kwa lugha anayoizungumza kila siku atauliza swali, na swali ndilo mwanzo wa sayansi.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Nasema mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja, wachague maneno na kuyafafanua. Istilahi hazikomai kwenye kamusi. Hukomaa vinywani mwa wanafunzi. Jioni za Mei, Centaurus A hupita katika anga yetu ya Kenya, upande wa kusini. Itakuwa aibu ikiwa ipo juu ya vichwa vyetu nasi hatuna ulimi wa kuisimulia.