Kiti na Mnara

Neno likikosewa maana, tendo nalo hukosewa njia. Siku hizi katika Tanzania jina la kanisa kuu hutajwa aghalabu kwa maana ya kanisa kubwa. Na kwa kuwa ukubwa hupimwa kwa macho, kanisa kuu limekuwa ni mnara mrefu, ukuta mpana na paa ling'aalo toka mbali. Kosa hili ladhaniwa kuwa dogo, la midomo tu. Sivyo. Kwa ajili yake majengo ya kale yaliyo mazima hubomolewa, na michango hutozwa watu ambao mwaka mzima wa jembe hauwaachii akiba. Wapenda minara wakiulizwa hujibu kwamba wanafuata mfano wa makanisa makuu ya Ulaya. Jibu hilo ndilo litakalopimwa hapa. Na itaonekana kuwa mfano huo hawaufuati, kwa sababu hawaujui.

Mahali pafaapo kulipimia jibu hilo ni Mtae. Kijiji hiki kimekaa ukingoni mwa milima ya Usambara, upande wa kaskazini-magharibi, juu ya genge ambalo chini yake, yapata mita elfu moja, zimelala nyika za Mkomazi. Siku ya anga safi mtu asimamaye hapo huiona milima ya Upare, na pengine Kilimanjaro. Wamisionari wa Kijerumani wa chama kilichokuja kujulikana kwa jina la Betheli walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na kabla ya karne ya 19 kwisha walikuwa wamefika Mtae pia. Kanisa la Kilutheri la Mtae ni zao la siku zile. Kiti cha askofu hakipo hapo, maana makao ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki yapo Lushoto. Lakini maumbile yenyewe yameipa Mtae kimo ambacho waashi wa Ulaya walikitafuta karne kwa karne wasikipate. Ni mnara gani uliopata kujengwa wenye urefu wa mita elfu?

Na ianzwe na maana ya neno. Wazungu huliita kanisa kuu kwa jina litokanalo na neno la Kiyunani, kathedra, ambalo lilipitia katika Kilatini. Maana yake ni kiti. Kanisa kuu ni lile lenye kiti cha askofu, mahali anapoketi kufundisha na kuamua. Wala hakuna maana nyingine. Kanisa dogo la udongo likiwa na kiti hicho ni kanisa kuu, na jengo kubwa lisilo nacho si kanisa kuu hata likigusa mawingu. Ushahidi wa jambo hili umesimama Ulm, Ujerumani. Mnara wa kanisa la Ulm, wenye urefu wa mita 161 na nusu, ulikamilika mwaka 1890, ukawashinda wenzake wote wa makanisa ya dunia kwa zaidi ya miaka 130. Hata hivyo Ulm si kanisa kuu wala halikupata kuwa kanisa kuu. Ni kanisa la usharika, tena la Kilutheri. Kadhalika kanisa la abasia la Saint-Denis, karibu na Paris, ambalo sehemu yake ya madhabahu iliyowekwa wakfu mwaka 1144 katika siku za Abati Suger huhesabiwa kuwa chimbuko la ujenzi wa Kigothi, lilikaa zaidi ya miaka 800 ndipo likapewa kiti cha askofu, mwaka 1966. Siku lilipopewa halikuongezwa jiwe hata moja, liliongezwa kiti.

Maana hii si ngeni kwa watu wa Usambara. Msomaji wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, ajua kwamba Vuga ulikuwa mji mkuu wa milima hii. Mmisionari Krapf alifika huko mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akamkuta mfalme Kimweri ambaye amri yake ilishuka hata pwani. Nyumba za Vuga zilikuwa za miti na majani. Hapakuwa na ukuta wa mawe, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza kama mji huo ni mkuu au si mkuu, kwa maana kiti kilikuwapo. Ni ajabu basi kwamba wajukuu wa watu waliojua jambo hilo bila kufundishwa wanaambiwa leo kuwa ukuu ni saruji.

Hoja ya kwanza ya wapenda minara ni kwamba Ulaya ilimtukuza Mungu kwa kimo, na kila aliyejenga juu zaidi alimtukuza zaidi. Wanaosema hivi na waende Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa. Watu wa mji huo walitaka kuwapita jirani zao wote. Waliinua dari ya mawe ya sehemu ya madhabahu hata ikafika yapata mita 48, wakaikamilisha mwaka 1272; mwaka 1284 sehemu yake kubwa ikaporomoka. Wakaijenga tena. Karne tatu baadaye, badala ya kumaliza ukumbi wa waumini, waliweka katikati mnara wa yapata mita 150, ukakamilika mwaka 1569. Mwaka 1573 ulianguka. Ukumbi wa waumini haukujengwa hata leo. Kanisa la Beauvais ni kichwa na mabega bila kiwiliwili, na sababu yake si vita wala tetemeko, bali ni kushindana. Huo nao ni mfano wa Ulaya.

Tena kimo hakikuwa shabaha peke yake. Mjenzi wa Kigothi alikuwa na shida ya nuru. Chartres ipo katika nyuzi 48 kaskazini ya Ikweta, ambako mchana wa Desemba ni wa saa 8 na dakika chache tu, na jua lenyewe hupita chini angani. Kuta za zamani zilikuwa nene na madirisha membamba, kwa sababu dari ya mawe husukuma kuta upande wa nje, na ukuta uliotobolewa sana hauwezi kustahimili msukumo huo. Dawa ilikuwa ya namna tatu: tao lenye ncha, ambalo huelekeza uzito chini kuliko pembeni, mbavu za mawe zinazokusanya uzito wa dari na kuufikisha penye nguzo, na mihimili ya matao iliyosimamishwa nje ya jengo ili kuupokea msukumo uliobaki. Ukuta ukiisha kupumzishwa hivyo, nafasi yake hushikwa na kioo. Uzuri wa Chartres ni jibu la swali lililoulizwa na baridi na giza la nchi ile. Mtae, katika nyuzi 4 na nusu kusini ya Ikweta, mchana ni wa saa 12 mwaka mzima au karibu na hizo, na adui wa jengo ni mvua, ukungu na upepo upandao kutoka nyikani. Anayeiga jibu la mtu mwingine bila kuuliza swali lake mwenyewe hajajifunza kwake. Amemnakili tu, kama mwanafunzi anayenakili hesabu za jirani yake ambaye amepewa karatasi nyingine.

Wala tao lenye ncha si mali ya Ulaya peke yake. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliomalizika mwaka 879, una matao ya namna hiyo, miaka zaidi ya 260 kabla ya kazi ya Suger. Na hapa pwani, katika karne ile ile ya 14 ambayo sehemu ya madhabahu ya Cologne iliwekwa wakfu, mwaka 1322, mafundi wa Kilwa walikuwa wakiupanua Msikiti Mkuu kwa matao na makuba ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331. Maneno tao, kuba, nguzo, chokaa, mnara na mimbari yalikuwa kazini katika Kiswahili kabla hajatua mmisionari. Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa lugha humjua kwa vitabu vyake vya Kiswahili, alilielewa jambo hili. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lilifunikwa kwa dari ya zege la matumbawe, kitu cha nchi yenyewe, na matao yake yamechanganya desturi ya Ulaya na ya Uarabuni. Steere alichukua kutoka Ulaya elimu ya kujenga. Vifaa alivitafuta chini ya miguu yake.

Hoja ya pili husema kwamba maskini wa Ulaya walitoa kwa furaha, basi na maskini wa Usambara watoe. Wapo waliotoa kwa furaha, na jambo hilo halikanushwi. Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1233 watu wa Reims, waliochoshwa na utawala wa askofu wao na fedha alizowadai, waliasi. Makasisi wa kanisa kuu wakakimbia mji, na ujenzi ukasimama hata mwaka 1236. Jambo kubwa zaidi lilitokea kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, ambalo kwa kweli si kanisa kuu pia, maana kiti cha Askofu wa Roma kipo Laterano. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1506. Mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi aliruhusu vyeti vya rehema vitolewe katika Ujerumani kwa malipo ili kuchangia jengo hilo. Na nusu ya mapato ilikuwa ya kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa matajiri wa Fugger. Mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95, na mojawapo ya maswali aliyoyataja ndani yake ni kwa nini Papa hakulijenga kanisa hilo kwa mali yake mwenyewe, badala ya fedha za waumini maskini.

Hapa wapenda minara walio Walutheri wanapaswa kutulia na kufikiri. Kanisa lao lilizaliwa katika ugomvi juu ya fedha za maskini zilizotakiwa kwa ajili ya jengo kubwa. Mkulima wa Mtae auzaye kabichi, viazi na maharage kwa bei anayopangiwa na wenye malori, kisha akasomewa jina lake mbele ya usharika kwa sababu hajamaliza mchango wa mnara, yupo mahali pale pale aliposimama mkulima wa Saxony mwaka 1517. Tofauti ni kwamba yule wa Saxony alipewa cheti.

Hoja ya tatu ndiyo yenye hila, maana huvaa nguo ya uzalendo. Husema kwamba makanisa ya kale ya wamisionari ni madogo, ni ya kikoloni, na kuyabomoa ni kujikomboa. Kisha mahali pake huinuliwa nini? Matao yenye ncha ya saruji, minara miwili na vioo vya rangi! Aibu ya Mjerumani wa mwaka 1891 huondolewa kwa kumwiga Mjerumani wa mwaka 1880. Kwa maana ni katika mwaka huo wa 1880 kanisa kuu la Cologne, lililoanzwa mwaka 1248, likaachwa katika karne ya 16 na kushikwa tena mwaka 1842, lilikamilishwa kwa fahari ya dola. Ugothi uliofika Afrika Mashariki na wamisionari haukuwa wa kale. Ulikuwa mtindo wa karne yao wenyewe.

Ni kweli kwamba Ulaya nayo ilibomoa. Kanisa la Roma lililotangulia hili la sasa lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu lilipoangushwa. Lakini mfano ulio bora ni wa Chartres. Moto wa mwaka 1194 ulipoteketeza sehemu kubwa ya jengo, wajenzi walibakisha vyumba vya chini vya karne ya 11 na sehemu ya mbele iliyookoka, wakaliunganisha jipya na la kale. Minara yake miwili hailingani hata leo: mmoja ni wa karne ya 12, ncha ya mwingine ni ya mwanzo wa karne ya 16. Hakuna aliyeona haya. Na kanisa la Notre-Dame mjini Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, walikuwapo waliopendekeza paa la kioo na mitindo mipya. Ufaransa iliamua kurudisha lililokuwapo. Maseremala walichonga boriti za mwaloni kwa mashoka, na mwezi Desemba 2024 milango ikafunguliwa. Nchi tajiri imeona fahari kutengeneza paa la babu zake. Kwa nini usharika maskini ufundishwe kuona fahari katika kulibomoa?

Basi atakaye kufuata makanisa makuu ya Ulaya na afuate yaliyo ya kufuatwa. Na afuate subira iliyowafanya watu waanze kazi ambayo wajukuu wao wataimaliza. Ufundi uliorithishwa kwa mkono, hata kijana wa kijiji akawa mwashi bila kungoja mkandarasi wa mjini. Jiwe na mti wa mahali. Na heshima kwa kazi ya waliotangulia. Kanisa la Mtae likivuja lizibwe, na vijana wa Mtae wafundishwe kuliziba. Mchango ukitakiwa, na uonekane unakwenda wapi. Katika milima hii kanisa hili hili limekwisha kuweka viti vyake: kimoja kipo penye kitanda cha mgonjwa katika hospitali ya Bumbuli, kingine kipo katika shule ya wasioona ya Irente. Mtoto asiyeona wa Irente hawezi kuuona mnara, hata ukiwa mrefu kama wa Ulm. Lakini aliyeketi karibu naye na kumfundisha kusoma, huyo amjua.