Tafuta fundi kwanza, kontroli boksi baadae

Wiki mbili hizi hapa Tunguu mjadala ni mmoja tu. Si testi, si bumu kuchelewa... ni Subaru ya mshikaji wetu! Kila kibaraza kina mtaalamu wake. Huyu anasema anunue Link, yule anasema Haltech, wa tatu anaapa kwamba MegaSquirt ndo mpango mzima. Na mimi kwa vile nasoma mambo ya kompyuta, ati niamue. Haya, leo naamua, na wengi hamtafurahi.

Kwa ambao hawajaiona: ni Impreza wagoni, WRX ya 1998, injini lita 2.0 yenye tabo, imetoka Japani kama gari zetu nyingi hapa Unguja. Jamaa anataka kuongeza presha ya tabo, kwa hiyo anatafuta kompyuta nyengine ya injini, ile mafundi wetu wanayoiita kontroli boksi. Akiba anayo, kaikusanya kwa kupeleka na kuchukua watu uwanja wa ndege. Lakini gari hiyo hiyo ndo inayompeleka bi mkubwa wake kliniki Mnazi Mmoja. Injini ikifa, mama anarudi kwenye daladala. Kwa hiyo tusizungumze kama vile tunachagua rangi ya rimu.

Tuanze na kazi ya boksi lenyewe. Linasoma sensa: hewa inayoingia, joto la maji, mzunguko wa injini, pedeli ulivyoikanyaga. Halafu linaamua mambo mawili makubwa, nozeli zimwage petroli kiasi gani na plagi zipige cheche wakati gani. Injini ikienda taratibu, mchanganyiko ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Tabo ikishasukuma kwa nguvu, watu wanateremsha hadi kama 11 au 12 za hewa kwa moja ya petroli, ili petroli ya ziada isaidie kupoza. Ukikosea ukaacha hewa nyingi, au cheche ikawahi, mafuta yanajiripukia ovyo ndani ya silinda. Injini inagonga. Igonge hivyo huku tabo imejaa na pistoni inaweza kupasuka muda huo huo, bila hata ya taa kukuonya.

Na hapa pana jambo ambalo vibaraza vyote vimelisahau. Gari hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kule kwa kawaida inauzwa kwa okteni 100. Petroli ya pampu zetu haifiki hapo. ZURA wanatutangazia bei, lakini bei haipandishi okteni, hahaha. Ongeza joto letu la Februari, hewa ya moto inaingia kwenye injini. Maana yake ni kwamba hata kabla hujagusa kitu, injini ya tabo hapa inafanya kazi karibu na ukingo. Ramani ya mafuta na cheche iliyopangwa na mtu wa Osaka au Sydney kwa petroli yao, hapa inaweza kuwa sumu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "boksi gani?" bali "je, la zamani lina kosa?" Jamaa analalamika gari inakatakata ikishika kasi, na watu wameshahukumu kwamba kontroli boksi limechoka. Jamani! Kisiwa kimezungukwa na bahari. Soketi zinaota kutu ya kijani, mipira ya hewa inapasuka kwa joto, sensa ya hewa inajaa vumbi. Tena boksi la asili linakata mafuta kwa makusudi presha ikizidi kiwango, linakuokoa wewe! Subaru za miaka ile zina soketi mbili nyeusi chini ya dashibodi, upande wa usukani. Ukiziunganisha, taa ya injini inapepesa namba za makosa. Kazi ya dakika kumi na haina gharama. Mtu asiyefanya hivyo halafu akaagiza boksi jipya ni sawa na mgonjwa aliyenunua dawa kabla ya kupima.

Tuseme basi kila kitu kizima na bado anataka. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kuandika upya ramani ndani ya boksi la asili. Kwa Subaru za miaka ya 2000 na kuendelea hii ndo rahisi: waya mmoja, laptopu, na programu za bure kama RomRaider. Bahati mbaya boksi la 1998 halikutengenezwa kuandikwa namna hiyo. Wenye gari mpya zaidi, anzieni hapa.

Ya pili ni boksi linalochomekwa kwenye soketi za asili bila kukata waya. Link wa New Zealand wanatengeneza la Impreza za umri huu. Kuna pia Power FC ya Apexi ya Japani, ambayo nyingi utakazozikuta ni za mtumba. Ina kidude chake cha kushika mkononi, lakini kuiunganisha na laptopu unahitaji kifaa cha kampuni nyengine. Tahadhari: soketi zilibadilika toleo kwa toleo. Soma namba iliyoandikwa kwenye boksi lako la zamani kabla hujatuma hata senti.

Ya tatu ni za kujengea wenyewe, MegaSquirt na Speeduino. Kwa sisi wanafunzi hizi ni raha tupu, unaona kila kitu kinavyofanya kazi, na bei ni ndogo. Mimi ningependa kampasi iwe nayo moja juu ya injini kuukuu, tuiunguze tukijifunza. Lakini waya unaunga mwenyewe, lehemu unapiga mwenyewe, na unyevu wa bahari hauna huruma na lehemu mbovu. Kwenye gari ya kumpeleka mama hospitali? Hapana.

Sasa ndo nafika kwenye neno langu. Boksi lolote kati ya hayo ni kopo tupu mpaka apatikane mtu wa kulijaza. Mafundi wetu nawavulia kofia, injini wanaishusha na kuipandisha kivulini chini ya mwembe. Lakini kazi hii inataka sensa maalumu kwenye bomba la moshi inayokupa mchanganyiko kwa namba, inataka kusikiliza injini inavyogonga, na inataka mahali salama pa kuisukuma injini mpaka mwisho. Usiniambie barabara ya Tunguu, yenye watoto wa skuli na ng'ombe! Hiyo ni kazi ya mashine ya kupimia nguvu, ambapo gari inakimbia huku imesimama.

Wenzetu wa Nairobi wamezama kwenye Subaru miaka mingi, wazoefu wako kule. Siku hizi unaweza pia kurekodi namba za injini, ukamtumia mtaalamu kwa intaneti, naye akakurudishia ramani. Ila lazima atangulie kusema analijua boksi gani. Yeye ndo achague, si kibaraza.

Najua mtaniletea Safari Rally, kwamba Colin McRae alishinda 1997 na Impreza, na Richard Burns akarudia 2000. Sawa, lakini nyuma yao walikuwa na timu nzima ya wahandisi, na injini ikichoka ipo nyengine. Mshikaji wetu nyuma yake ana sisi tu na maneno yetu.

Uamuzi wangu basi: asome makosa, abadilishe plagi na mipira, asafishe soketi, aache presha ya kiwandani. Akiba igawanywe mafungu mawili, boksi na mrekebishaji, na fungu la pili lisipojaa la kwanza lisiguswe. Yakijaa yote, achukue la kuchomeka, lenye ulinzi wa kukata nguvu injini ikigonga au ikipata moto, apangiwe ramani ya upole kwa petroli ya hapa. Boksi la zamani alifunge kwenye nailoni aliweke kabatini, siku ya shida alirudishe.

Nguvu za farasi zitasubiri. Kliniki ya Jumatatu haisubiri.

Haya, lekcha ya saa nane inaniita. Ma'assalaam!