Jipu Gani Hilo Linakaa Miezi Mitano?

Leo sichekeshi, mtanisamehe.

Binamu yangu alitokwa na uvimbe kwa paja. Mgumu, uko chini ya ngozi. Kliniki ya kwanza: jipu, meza antibayotiki. Ya pili: jipu, meza kali zaidi. Jirani naye: umerogwa. Miezi mitano. Uvimbe mmoja ukawa mitatu, mmoja ukapasuka ukawa kidonda, homa na jasho kila usiku, suruali zinamvuka. Ndio daktari mmoja kijana akauliza swali la bure kabisa: "Kwani hii kitu haijawahi kukatwa kipande ikapimwa?"

Haikuwa imewahi. Ilikuwa saratani, limfoma ya ngozi aina ya gama-delta. Zile seli T za kukulinda zinageuka, zinavamia ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Kuna limfoma za ngozi zinazokaa miaka zikijifanya ukurutu. Hii hukimbia.

Sasa mtu ananiambia, "Lakini ni adimu sana, wangejuaje?" Wacha wee. Hakuna anayetaka kila kliniki ijue hilo jina. Tunataka kitu kidogo: dawa ikigoma mara mbili, acha kubahatisha, kata kipande. Na ukate kwenda chini mpaka kwa mafuta, juu ugonjwa huu hujificha huko. Ukikwangua juu juu majibu yatasema hakuna kitu. Halafu maabara iweke zile rangi maalum za kuonyesha ni seli gani, kwa sababu kwa hadubini ya kawaida inaweza kuonekana kama mafuta yaliyovimba tu. Kipimo hicho hakiko kila kaunti. Sampuli inasafirishwa, familia inalipa, wiki zinaenda. Hapo ndipo kelele zetu zinafaa kuwa.

Na wewe unayenunua steroidi bila daktari: ndiyo, uvimbe unaweza kunywea. Kwa muda. Lakini pia inaweza kuficha seli hizo siku ya kipimo, uambiwe uko sawa.

Alafu hii maneno ya "angalia kama ngozi imekuwa nyekundu." Nyekundu gani, kwa ngozi yangu? Kwa binamu ilikuwa zambarau, karibu nyeusi. Kama umefundishwa na picha za wazungu peke yake, utatupita.

Matibabu? Kemo ya dawa kadhaa kwa pamoja. Ikiitikia, kwa wengine tumaini kubwa la kukaa muda mrefu ni kupandikizwa seli za uboho kutoka kwa mtu mwingine, mara nyingi ndugu. Ndugu wawili wameshatolewa damu kuona kama wanalingana naye. Grupu ya mchango iko WhatsApp, na mnajua hizo grupu: dua mia moja, elfu mbili mbili za watu sita.

Yuko raundi ya tatu. Nywele zimeisha. Amechukua kofia yangu nyeusi na amesema harudishi.